Makanisa Katoliki ya Dar es Salaam: nani mama wa parokia yako?

Naandika kutoka Msowero, wilaya ya Kilosa. Leo naweka hapa historia fupi ya parokia na makanisa Katoliki ya jiji la Dar es Salaam. Najua kuna watakaouliza, kijana wa Msowero historia ya Dar inamhusu nini? Inanihusu sana, na nadhani inawahusu wengi waliozaliwa Dar halafu wakarudi mikoani.

Mwaka jana baba yangu mdogo alitaka kufunga ndoa kanisani na mama wa watoto wake. Wameishi pamoja zaidi ya miaka 20. Paroko akamwambia vizuri tu: lete cheti cha ubatizo. Sasa baba mdogo alizaliwa Dar mwaka 1974, wakati babu akiwa kibarua bandarini, na akabatizwa huko huko. Mwaka 1983, wakati wa ile Nguvu Kazi ya kuwatoa mjini wasio na kazi, babu akafungasha akarudi na familia kijijini. Cheti kikapotelea njiani.

Tukapanda basi mimi na yeye mpaka Dar. Mtaa aliozaliwa tukaupata, kanisa lipo, zuri na kubwa. Ofisini wakafungua daftari, jina hakuna. Tukaambiwa huyu hakubatizwa hapa. Nilimwangalia baba mdogo, mtu mzima wa miaka 50, amesimama pale kama mwanafunzi aliyefukuzwa ada.

Kumbe kosa lilikuwa letu. Parokia ile mwaka 1974 haikuwepo! Eneo lote lilikuwa kigango cha parokia nyingine. Hapo ndipo nilipoanza kuulizauliza na kusoma, nikagundua jambo moja ambalo ndilo nataka mlishike leo: Dar es Salaam parokia huzaliwa na parokia. Ukimjua mama wa parokia yako, na bibi yake, utajua historia ya jiji lilivyokua, na utajua jina lako limeandikwa wapi.

KWANZA, PAROKIA NI NINI

Tusichanganye kanisa na parokia. Kanisa ni jengo. Parokia ni jumuiya ya waamini wa eneo fulani, wakiwa chini ya paroko. Kwa Sheria ya Kanisa (kanuni ya 515) mwenye mamlaka ya kuunda, kufuta au kubadili parokia ni askofu wa jimbo peke yake, baada ya kusikiliza baraza la mapadre.

Ngazi zenyewe hapa kwetu wengi mnazijua. Chini kabisa kuna jumuiya ndogo ndogo, ambazo ni familia za mtaa mmoja zinazosali nyumba kwa nyumba. Jumuiya kadhaa zinafanya kanda au kigango. Vigango vinafanya parokia. Parokia kadhaa zinafanya dekania, halafu jimbo. Kigango kikikua, kikapata kanisa na nyumba ya padre, kinafanywa parokia teule, na baadaye parokia kamili. Siku hiyo kinaanza kuwa na madaftari yake ya ubatizo, ndoa na vifo. Yale ya nyuma yanabaki kwa mama.

KABLA YA DAR KULIKUWA NA BAGAMOYO

Ukatoliki wa pwani yetu kwa karne ya 19 haukuanzia Dar. Mapadre kutoka kisiwa cha Réunion walifika Zanzibar mwaka 1860, na mwaka 1863 kazi hiyo wakakabidhiwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Hawa ndio waliovuka bahari wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ambako walikomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Kutoka Bagamoyo wakaingia bara: Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, na nyingine zikafuata.

Sisi wa Kilosa tumetoka kwenye mkondo huo. Jimbo la Morogoro lilianza mwaka 1906 kama Vikarieti ya Kitume ya Bagamoyo, na mwaka 1953 likawa Jimbo la Morogoro. Kwa hiyo Bagamoyo, pamoja na kuwa jirani kabisa na Dar, kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Morogoro. Watu wengi wa Dar hawalijui hilo, wanadhani Bagamoyo ilikuwa yao siku zote.

PUGU: MWANZO WA DAMU

Dar yenyewe ilipewa shirika lingine. Tarehe 16 Novemba 1887 Roma iliunda Prefektura ya Zanguebar ya Kusini na kuikabidhi kwa Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Bavaria, Ujerumani. Walifika mwaka 1888, na misheni yao ya kwanza hawakuiweka mjini. Waliiweka Pugu, kwenye vilima nje ya mji.

Haikudumu hata mwaka. Wakati ule pwani nzima ilikuwa inachemka. Wajerumani walikuwa wanachukua nchi kwa nguvu, na Abushiri bin Salim aliongoza upinzani. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa na kuchomwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Tuseme ukweli, kwa watu wa pwani Mjerumani mwenye bunduki na Mjerumani mwenye msalaba walionekana kitu kimoja, na wamisionari walilipa gharama hiyo.

Pugu haikufa lakini. Baadaye ilikuja kuwa mahali pa shule maarufu ya Mtakatifu Fransisko, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili aifanye siasa ya TANU. Shule ile leo ni ya serikali. Na Pugu kuna Kituo cha Hija ambacho waamini wa jiji wanakwenda kusali.

MTAKATIFU YOSEFU: MAMA WA WOTE

Baada ya Pugu Wabenediktini wakaja mjini, ufukweni mwa bandari. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, mji ukaanza kujengwa kwa kasi. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1897 na kumalizika mwaka 1902. Ukishuka kwenye pantoni ya Kigamboni huwezi kulikosa, lina mnara mrefu wenye ncha na madirisha ya vioo vya rangi. Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo lilijengwa miaka hiyo hiyo. Makanisa yote mawili yanaangalia bahari. Mjerumani alitaka meli ikiingia bandarini vitu vya kwanza kuonekana viwe vyake.

Mwaka 1902 prefektura ikapandishwa kuwa vikarieti, na askofu wake wa kwanza akawa Kasian Spiss. Hakukaa sana. Mwezi Agosti 1905, mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji, alikuwa safarini kwenda kusini akauawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ndani ya miaka 16 Kanisa la Dar lilikuwa limeshamwaga damu mara mbili. Aliyemfuata ni Askofu Thomas Spreiter, kuanzia 1906. Mwaka huo huo vikarieti ikaanza kuitwa kwa jina la Dar es Salaam.

Wakati ule eneo la vikarieti lilikuwa kubwa mno. Lilishuka mpaka kusini kabisa mwa nchi. Hata Mahenge na Ifakara, ambazo kimkoa ni ndugu zetu wa Morogoro, kikanisa zilikuwa za Dar mpaka lilipoundwa Jimbo la Mahenge mwaka 1964. Kwa hiyo mkoa mmoja wa Morogoro uliwahi kuwa na baba wawili: Kilosa alikuja Mspiritani kutoka Bagamoyo, Mahenge alikuja Mbenediktini wa upande wa Dar.

WAKAPUCHINI NA MJI ULIOGAWANYWA

Vita Kuu ya Kwanza ikabadilisha kila kitu. Wajerumani walishindwa, na wamisionari wao Wabenediktini wakaondolewa Dar. Mwaka 1921 wakaingia Wakapuchini kutoka Uswisi. Askofu aliyekaa muda mrefu kuliko wote ni Edgar Maranta, kuanzia 1930 mpaka 1968. Tarehe 25 Machi 1953 Dar ikawa Jimbo Kuu na Maranta akawa askofu mkuu wa kwanza.

Hapa lazima tuelewe mji ulivyokuwa. Wakoloni waliugawa kwa rangi. Uzunguni ilikuwa upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja: Kariakoo, Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke. Jina lenyewe Kariakoo limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita hiyo. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilikuwa upande wa wakubwa. Wagoa, ambao wengi walikuwa makarani na wafanyabiashara, walisali hapo, na Wazungu pia. Mwafrika wa Ilala alikuwa mbali nalo kwa miguu, na mbali zaidi kwa hadhi.

Ndiyo maana Msimbazi ina maana kubwa sana kwenye historia hii. Pale Ilala Wakapuchini walijenga misheni kwa ajili ya upande wa Waafrika. Baadaye Msimbazi Centre ikawa mahali pa mikutano, semina na shughuli za kijamii, mpaka leo ukisema tukutane Msimbazi Centre hata asiyekuwa Mkatoliki anaelewa. Kwa mtazamo wangu, Mtakatifu Yosefu ni mama wa parokia za Dar kwa umri, lakini Msimbazi ndiyo iliyowalea Waafrika wa mjini.

Upande wa Oysterbay lipo kanisa la Mtakatifu Petro. Mwalimu Nyerere alikuwa anasali pale. Wazee wanasimulia rais alikuwa anaingia misa ya asubuhi kama muumini mwingine yeyote.

ENZI ZA RUGAMBWA: KISWAHILI NA JUMUIYA

Laurean Rugambwa kutoka Bukoba ndiye Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, Machi 1960, hata kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Desemba 1968 alihamishiwa Dar es Salaam kuwa askofu mkuu, akampokea Maranta. Alikaa mpaka 1992, na akafariki Desemba 1997.

Alipofika Dar mambo matatu yalikuwa yanatokea kwa mpigo. Kwanza, Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965) ulikuwa umeruhusu misa kwa lugha za watu, kwa hiyo Kilatini kikaondoka na Kiswahili kikaingia altareni. Pili, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilichukua shule za madhehebu. Shule ya masista iliyokuwa jirani na Mtakatifu Yosefu ndiyo ikaja kuitwa Forodhani. Kanisa likabaki bila shule nyingi lilizokuwa linazitegemea kufikia vijana. Tatu, mji ulifurika. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 356,000 mkoa wa Dar. Sensa ya 1978 ikakuta zaidi ya 840,000. Miaka 11 tu, watu zaidi ya mara mbili!

Mapadre wasingeweza kuwafikia wote. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, kwenye mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, wakachagua njia ya jumuiya ndogo ndogo. Badala ya kungoja kanisa lijengwe, watu wa mtaa wanakutana kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, wanasoma Injili, wanachangia msiba na wanamtembelea mgonjwa. Mtu aliyetoka Kilosa, Songea au Bukoba akishuka Dar hana ndugu, jumuiya ndiyo inakuwa ukoo wake.

Baba mdogo alizaliwa katika kipindi hicho. Mtaa wao ulikuwa nyumba za udongo na minazi, misa ilikuwa inasaliwa kwenye kibanda, katekista anaandika majina kwenye karatasi na kuyapeleka parokiani. Huyo katekista ndiye mwandishi wa historia ambaye hakuna anayemtaja.

KUTOKA PENGO MPAKA LEO

Mwaka 1992 akashika Polycarp Pengo, ambaye alikuwa askofu mkuu mwandamizi tangu 1990. Akawa kardinali mwaka 1998, akastaafu Agosti 2019. Katika miaka yake 27 jiji lilitoka kwenye watu milioni moja na kitu likavuka milioni nne (sensa ya 2012 ilitoa 4,364,541). Parokia zilizaliwa kufuata barabara: Barabara ya Morogoro mpaka Kimara na Mbezi, Barabara ya Bagamoyo mpaka Tegeta na Bunju, Kilwa Road mpaka Mbagala, Pugu Road mpaka Gongo la Mboto. Ukiziandika parokia za Dar kwa mwaka zilipoundwa, unapata ramani ya watu walivyohama.

Shida kubwa ya kipindi hiki ni ardhi. Kiwanja cha kanisa kikichelewa kununuliwa, mtaa unajaa. Ndiyo maana utakuta kanisa limebanwa na nyumba pande zote na hakuna pa kuegesha magari. Michango ya ujenzi ambayo watu wanailalamikia kila Jumapili inaanzia hapo.

Tangu Agosti 2019 askofu mkuu ni Yuda Thadei Ruwa'ichi, ambaye naye ni Mkapuchini. Kama vile mzunguko, shirika lililoingia kutoka Uswisi mwaka 1921 limerudi na mtoto wa nchi. Sensa ya 2022 imekuta Dar watu 5,383,728.

Halafu tarehe 7 Machi 2025 likatokea jambo kubwa: Papa Fransisko aliunda Jimbo jipya la Bagamoyo, kwa kumega Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro. Askofu wake wa kwanza ni Stephano Musomba, aliyekuwa askofu msaidizi wa Dar. Misheni ya 1868 iliyotuzaa sisi wa Morogoro sasa imepata jimbo lake. Lakini angalia, maana yake ni kwamba kuna watu ambao parokia zao zimebadili jimbo. Miaka 30 ijayo mtoto wao akitafuta cheti ataanza tena safari kama yetu.

KAMA UNATAFUTA CHETI CHAKO

Haya ndiyo tuliyojifunza kwa jasho, chukueni bure:

1. Usiulize "nilizaliwa wapi" peke yake. Uliza mwaka ule mtaa huo ulikuwa chini ya parokia gani. Mzee wa jumuiya au katekista mstaafu anajua kuliko kompyuta.

2. Uliza parokia iliundwa mwaka gani. Kama umebatizwa kabla ya mwaka huo, nenda kwa mama. Ukikosa, nenda kwa mama wa mama.

3. Beba majina ya baba, mama (jina lake la kwao), msimamizi wa ubatizo na mwaka. Omba watafute na mwaka unaofuata, maana watoto wengi walibatizwa miezi mingi baada ya kuzaliwa.

4. Tafuta kwa R na kwa L. Aliyeandika aliandika alivyosikia.

5. Hata ukiwa na cheti cha zamani, kwa ndoa utaombwa kipya, na mara nyingi kisizidi miezi 6. Sababu ni kwamba kipaimara na ndoa huandikwa pembeni ya jina lako kwenye daftari lile lile la ubatizo (kanuni ya 535). Wanataka kuona kama pembeni pako ni peupe.

6. Daftari likikosekana kabisa, usikate tamaa. Kanuni ya 876 inasema shahidi mmoja wa kuaminika anatosha kuthibitisha ubatizo, kama hakuna anayedhuriwa. Kiapo chako mwenyewe kinakubalika tu kama ulibatizwa ukiwa mtu mzima.

Hiyo namba 6 ilitutia hofu. Baba mdogo alibatizwa mchanga, hawezi kujiapia. Shahidi aliyebaki hai ni mmoja, shangazi yetu aliyembeba siku ile, na shangazi sasa hivi anakuita jina la marehemu kaka yake. Tungechelewa mwaka mmoja zaidi tusingekuwa na shahidi wala daftari.

Tulimpata mama wa parokia ile siku ya tatu. Karani alikuwa mama mmoja mpole, akatoa kitabu kikubwa cha jalada gumu, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Mwaka 1974 hakuna. Akafungua 1975, akashuka na kidole taratibu. Jina likatokea, L badala ya R, jina la babu chini yake, jina la bibi, na jina la mtaa likiwa limeandikwa kama kigango. Pembeni peupe. Baba mdogo aliomba alisome mwenyewe. Alilisoma mara mbili, halafu akauliza kama anaruhusiwa kuligusa.

Ndoa imefungwa mwezi wa tisa hapa hapa kijijini, watoto wao ndio walioimba kwaya.

Wadau, Sheria ya Kanisa inataka madaftari ya zamani yatunzwe kwa uangalifu, lakini mchwa na mvua havisomi sheria. Mafuriko ya bonde la Msimbazi tunayajua, na kule kwetu Kilosa mto Mkondoa tunaujua zaidi. Kama uko kwenye halmashauri ya walei ya parokia yako, uliza madaftari yanakaa wapi. Na kama wewe ni kijana, kaa na mzee mmoja wa jumuiya yako umuulize: parokia yetu ilizaliwa lini, na mama yake ni nani? Andika jibu, weka na mwaka.

Nikikosea mahali mnisahihishe kwenye maoni hapo chini, hasa wazee wa Ilala, Magomeni na Temeke. Tutajie parokia yako, mwaka ilipoundwa na mama yake. Tukizikusanya zote tutakuwa tumewasaidia wengi.

Nawasilisha.